Mambo ya kuzingatia kabla ya kuchagua kambi ya gari-nyumba unapotembelea jiji kubwa

Anayekwenda kutembelea jiji kubwa kwa gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, huwa na maswali mengi kuhusu kambi atakayofikia: bei yake, usafi wa mabafu, kama intaneti ina kasi, kama watoto watapata pa kuogelea. Yote ni maswali ya haki. Lakini kuna moja linalopaswa kuyatangulia, nalo ni hili: gari likishaegeshwa, utaingiaje mjini, na usiku utarudi vipi? Mwenye kwenda ziwani au mlimani huchagua kambi kwa ajili ya kambi yenyewe. Mwenye kwenda jijini anatafuta mahali salama pa kuliacha gari siku nzima, na mlango wa kuingilia mjini bila gari hilo. Kambi isiyo na mlango huo, hata ikiwa na bustani nzuri namna gani, itakuchosha siku ya pili tu.

Usiamini haraka tangazo linalosema kambi iko dakika 20 kutoka katikati ya jiji. Mara nyingi hizo ni dakika za gari dogo barabara ikiwa tupu. Hesabu wewe mwenyewe kuanzia mlango wa gari lako: kutembea hadi getini, kutoka getini hadi kituoni, kusubiri, safari yenyewe, na kubadilisha treni kama ipo haja. Kwa hesabu hiyo utakuta kambi iliyo mbali lakini jirani na kituo chenye treni kila baada ya dakika 10 inaishinda ile ya karibu ambayo basi lake hupita mara moja kwa saa. Huko London, kambi ya Abbey Wood iko pembezoni kabisa mwa jiji upande wa kusini-mashariki, lakini tangu reli ya Elizabeth ilipofunguliwa Mei 2022, kutoka kituo cha Abbey Wood hadi Paddington, katikati ya London, ni kama nusu saa tu. Kwa Venice, ambako gari haliingii kabisa kwenye mji wa kale, walio kwenye kambi ya Fusina huchukua boti papo hapo ufukweni na kuvuka wangwa hadi Zattere, ndani ya mji huo wa kale.

Ukishapata jina la kituo, tafuta ratiba ya kurudi kabla ya ratiba ya kwenda. Treni au basi la mwisho ni saa ngapi? Jumapili je? Siku za sikukuu? Chakula cha jioni mjini au tamasha linaloisha usiku wa manane hubadilisha kila kitu, na teksi ya kilomita 40 nje ya jiji inaweza kuzidi gharama ya kulala kambini usiku ule. Kisha fungua ramani ya picha za setelaiti, sogeza karibu, na ufuate barabara kwa jicho kutoka geti la kambi hadi kituoni. Angalia kama kuna njia ya waenda kwa miguu au ni ukingo wa majani tu. Angalia nguzo za taa. Angalia hasa kama barabara kuu au reli imekata katikati, maana kituo kinachoonekana mita 400 tu kwa mstari ulionyooka kinaweza kuhitaji mzunguko wa kilomita mbili hadi kwenye daraja la kuvukia. Kazi hii haimalizi hata robo saa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko nyingine yoyote utakayoifanya kabla ya kulipia.

Wengine watasema wataendesha hadi kwenye maegesho ya kituo cha treni kisha wapande hapo. Kwa mwenye gari dogo analolikokota nyuma, sawa. Kwa mwenye gari-nyumba peke yake, maegesho mengi ya mijini yana kizuizi cha kimo mlangoni, au ni ya ghorofa na hayakubali gari lenye kimo kikubwa. Uliza kwanza.

Jambo la pili ni njia ya kufika kambini, na hapa ndipo hatari ya kweli ilipo. Miji ya zamani ina madaraja ya chini, mahandaki, na mitaa iliyojengwa kabla ya magari makubwa. Pima kimo cha gari lako kwa futi-kamba kutoka ardhini hadi juu kabisa ya kiyoyozi cha paani au antena, usitegemee namba ya kwenye kijitabu cha kiwandani, kwani huenda aliyekuuzia aliongeza kitu juu. Andika kipimo hicho kwa mita na kwa futi, ukibandike mbele ya macho ya dereva. Programu ya kawaida ya ramani kwenye simu haijui kwamba gari lako lina kimo cha mita tatu na nusu. Itakupitisha popote panapopita gari dogo. Tumia programu ya malori au ya magari-nyumba inayokuruhusu kuingiza kimo, urefu na uzito. Mjini Boston, barabara ya Storrow Drive hunasa malori ya kuhamisha vyombo chini ya madaraja yake kila mwaka inapoanza Septemba, ingawa mabango ya onyo yapo. Jimbo la New York nalo lina barabara nyingi zenye neno «Parkway» kwenye majina yao ambazo haziruhusu magari ya aina hii, na madaraja yake ni ya chini.

Mitungi ya gesi ya kupikia ni jambo ambalo wageni wengi hulisahau. Mahandaki ya Holland na Lincoln yanayoingia Manhattan, jijini New York, hayaruhusu gari lenye gesi hiyo. Mwenye gari-nyumba hupita ngazi ya juu ya daraja la George Washington. Mahandaki ya bandari ya Baltimore yana marufuku kama hiyo, na zamani waliobeba gesi walivuka kwa daraja la Francis Scott Key. Daraja hilo lilianguka tarehe 26 Machi 2024 baada ya kugongwa na meli, kwa hiyo sasa huzunguka upande wa magharibi wa jiji kwa barabara ya 695. Maelekezo ya zamani uliyopewa na rafiki aliyepita huko miaka mitano iliyopita hayatoshi. Kagua upya.

Ulaya kuna suala la moshi. London nzima, mitaa yote ya utawala wake, imo ndani ya eneo la ULEZ, yaani eneo linalotoza magari yenye moshi mchafu, tangu tarehe 29 Agosti 2023. Gari lisilofikia kiwango linatozwa ada kila siku linapoendeshwa ndani ya eneo hilo, na mengi ya magari mazito huangukia utaratibu mwingine wenye ada kubwa zaidi. Gari likiwa limeegeshwa halitozwi. Kwa hiyo mgeni aliyetulia kambini na kupanda treni analipia siku ya kufika na siku ya kuondoka tu. Kambi ya Abbey Wood niliyoitaja imo ndani ya mpaka huo, nayo ni mfano mzuri wa kwa nini uangalie ramani ya eneo la moshi sambamba na ramani ya kambi. Miji mingi ya Ujerumani, Berlin ikiwemo tangu 2010, hudai stika ya kijani kwenye kioo cha mbele hata kwa magari ya kigeni, na stika hiyo ni vizuri kuiagiza mapema kabla hujaanza safari.

Baada ya hapo ndipo uangalie nafasi yenyewe. Taja urefu kamili wa gari, pamoja na kishikio cha baiskeli nyuma na gari unalolikokota, na useme kama kuta za pembeni hutanuka. Karibu na miji ardhi ni ghali, na kambi hubana nafasi. Inayoitwa ya mita 10 inaweza kuwa na mti uliosimama pale pale unapohitaji kukata kona. Uliza kama ni ya kupita moja kwa moja au ya kurudi nyuma, na kama utafika usiku, chagua ya kupita moja kwa moja.

Umeme unahitaji hesabu kidogo. Marekani, soketi ya ampea 30 kwa volti 120 hutoa wati 3,600, na ile ya ampea 50 yenye nyaya mbili za moto hutoa hadi wati 12,000. Kiyoyozi kimoja cha paani hula takriban wati 1,500, kwa hiyo wenye viyoyozi viwili hawawezi kuvitegemea vyote kwenye ampea 30 huku birika la umeme likichemka. Ulaya volti ni 230, lakini kambi nyingi hutoa ampea 6 au 10 tu. Ampea 6 ni wati 1,380, na birika lenye nguvu huweza kukata umeme lenyewe bila msaada wa kitu kingine. Kuhusu maji safi na maji machafu, uliza kama bomba na shimo la kumwagia viko kwenye nafasi yako au ni vya pamoja, na kama ni majira ya baridi, kama maji hayajafungwa.

Kelele usizipuuze. Kambi za mijini mara nyingi huwekwa kwenye ardhi ambayo wengine hawakuitaka: kando ya reli, chini ya njia ya ndege, pembeni mwa barabara kuu. Marekani treni inatakiwa kupiga honi kwa sekunde 15 hadi 20 kabla ya kufika kwenye makutano ya barabara na reli, mchana na usiku, isipokuwa pale mji ulipopewa ruhusa ya kuinyamazisha. Tafuta makutano hayo kwenye ramani, kisha usome maoni ya waliolala huko ukitafuta neno moja tu: treni. Ardhi nyingine ya bei nafuu ni kando ya mto. Mto Seine ulifurika Paris mwezi Juni 2016 na tena Januari 2018, na kambi iliyo ukingoni mwa mto wowote lazima iwe na mpango wa kuwahamisha watu usiku. Waulize ni upi. Jibu la haraka na lililo wazi linakuonyesha kuwa wenyewe wamelifikiria.

Mwenye mbwa afikirie siku nzima ya kutembea makumbusho. Kambi nyingi haziruhusu mnyama aachwe peke yake, na hata zinazoruhusu, umeme ukikatika saa sita mchana kiyoyozi huzima na gari lililofungwa hugeuka tanuri. Hili ni suala la uhai wa mnyama. Tafuta kambi yenye mtu wa kumtunza mnyama, au mpange zamu.

Weka nafasi mapema kuliko ulivyozoea, kwani jiji kubwa lina kambi chache na matukio mengi. Wakati wa Oktoberfest huko München, au msimu wa maua ya micheri huko Washington, nafasi hujaa miezi mingi kabla. Soma masharti ya kughairi. Na wakati unapiga simu, uliza jambo moja ambalo tovuti nyingi hazilisemi: siku ya kuondoka, baada ya saa ya kukabidhi nafasi, je, unaweza kuliacha gari ndani ya uzio hadi jioni, na kwa malipo gani? Bila ruhusa hiyo siku yako ya mwisho mjini inaishia saa tano asubuhi, kwa sababu huna pengine pa kuliweka.