Mtafsiri, kabla hujachagua programu ya kutafuta maneno kwenye kompyuta, ijaribu kwa "mwalo" na "mialo"

Wiki mbili zilizopita mteja kaniuliza, ile ripoti ya uvuvi ya mwaka juzi "landing site" uliiandikaje, tunataka ripoti mpya ifanane na ile. Nikajua nimeandika mwalo, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, huku Mwanza nani asiyejua mwalo, lakini alitaka sentensi zote niwekee kwenye jedwali. Nikaandika mwalo kwenye kisanduku cha kutafuta, yakaja mafaili manne, nikamtumia. Kesho yake anarudi, mbona hii ya Ukerewe haimo? Kufungua nakuta ile ya Ukerewe yote imeandikwa mialo, mialo, mialoni, neno mwalo peke yake halimo hata mara moja. Iliniuma sana maana kazi yenyewe niliifanya vizuri, ila kuitafuta ndio nikashindwa.

Toka siku hiyo nimekaa na hizi programu moja moja, na ushauri wangu kwa mtafsiri mwenzangu ni huu: usichague kwa sifa zilizoandikwa na waliotengeneza, wengi wao wamejaribu kwa Kiingereza ambacho neno linabadilika mwishoni. Kiswahili neno linabadilika mbele. Mvuvi, wavuvi, uvuvi, kiuvuvi. Asajili, amesajiliwa, visivyosajiliwa. Programu inayolinganisha mwanzo wa neno tu itakupa kidogo halafu utaamini ndio vyote.

Kwanza ujue zipo za aina mbili. Ya kwanza inasoma mafaili yako yote mara moja na kutengeneza indeksi, halafu ukitafuta inaangalia kwenye indeksi tu. Ni kama pale Kirumba mwaloni mtu mwenye daftari la kuonyesha gunia la nani limewekwa wapi, ukimuuliza anafungua ukurasa anakujibu hapo hapo. Ya pili haina daftari, kila ukiuliza inaenda kufungua gunia moja moja. Ya daftari ni ya haraka lakini kama daftari halijaandikwa leo, mzigo wa leo haupo. Ya kufungua magunia ni ya taratibu, hasa laptopu ya mtumba yenye diski ya kuzunguka, ila inaona kilichopo sasa hivi na inakubali maswali magumu zaidi. Mimi naona mtafsiri anahitaji zote mbili, na zipo za bure.

Sasa namna ya kujaribu. Tengeneza folda moja iite Jaribio. Ndani weka mafaili matano: docx, doc ya zamani, PDF yenye maandishi ya kawaida, PDF ya kuskani (print ukurasa mmoja steshenari wakuskanie), na TMX, yaani faili la kumbukumbu ya tafsiri zako lililotoka kwenye programu yako ya kutafsiri. Kila moja liwe na sentensi hii: "Wavuvi wa ng'ambo wasiosajiliwa wamekutwa na makokoro kwenye mialo mitatu." Kwenye docx iache Word iweke ile alama ya ng' iliyopinda yenyewe, kwenye TMX andika iliyonyooka. Halafu tafuta haya.

m?alo*. Alama ya kuuliza inasimama badala ya herufi moja, nyota inasimama badala ya zozote zinazofuata, kwa hiyo hapo unapata mwalo, mialo, mwaloni, mialoni kwa mkupuo. Mwanzoni nilikua naandika *alo* ikawa inaniletea "along" na "alone" za mafaili yote ya Kiingereza, usifanye hivyo.

*vuvi na *sajili*. Hapa nyota iko mbele, na hapa ndipo nyingi zinaanguka. Utafutaji wa Windows wenyewe, ukitafuta maneno yaliyo ndani ya faili, unalinganisha kuanzia mwanzo wa neno, kwa hiyo ukiandika sajili hutapata wasiosajiliwa. DocFetcher inakubali nyota mbele, inakua taratibu kidogo ila majibu yanakuja.

Halafu ng'ambo, na hii nakuomba usiiruke. Word inapenda kubadilisha ile alama iwe iliyopinda, mafaili mengine yanabaki na iliyonyooka, kwa macho ni kitu kile kile lakini kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa. Kuna programu zinaziona tofauti, kuna zinazokata neno hapo hapo ikawa ng na ambo. Sisi huku tunatafsiri mahojiano yenye majina ya Kisukuma kibao, Ng'wana nani, Ng'wa nani, ukikosa hapo umekosa watu wazima kwenye ripoti. Jaribu ng?ambo uone kama zote mbili zinatoka.

Sasa kwa majina. DocFetcher ndio ningeanza nayo kama huna hata moja, ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, inafanya kazi Windows, Linux na Mac. Unaiambia folda gani, inatengeneza indeksi, ukitafuta inakuonyesha orodha juu na maandishi yenyewe chini yamepakwa rangi, hufungui Word. Kwa mtafsiri hii ni kubwa, maana sitafuti faili, natafuta sentensi, nataka kuona limetumikaje na jirani zake. Vitu viwili vya kurekebisha mapema: ukiandika maneno mawili yenyewe inachukulia "hili au lile", nenda kwenye mipangilio ubadili iwe "hili na lile". Na wakati wa kutengeneza indeksi kuna sehemu ya kuorodhesha aina za mafaili ya kusomwa kama maandishi ya kawaida, ongeza tmx hapo.

Agent Ransack ni ya Windows, ya bure hata kwa kazi ya kulipwa, haitegemei indeksi. Hii naitumia nikitaka rejeksi, yaani mchoro wa neno badala ya neno lenyewe. Ukichagua Regex ukaandika ng.ambo, ile nukta inakubali alama yoyote. Ukiandika \bm[wi]alo inakupa mwalo na mialo, pamoja na mwaloni na mialoni. Ni herufi chache za kujifunza jioni moja na zitakusaidia miaka.

Ukiwa unatumia Linux ipo Recoll, imara sana. Everything nayo watu wanaisifia na ni kweli kwa majina ya mafaili ni ya haraka ajabu, ila ukiiambia itafute ndani ya mafaili toleo la kawaida linaanza kuyasoma upya kila mara, kwa hiyo iweke kwa kazi ya majina. dtSearch ina nguvu lakini ni ya kulipia, kama uko ofisi yenye mafaili ya miaka ishirini sawa. Google Desktop ilisitishwa 2011, ukiikuta kwenye flashi ya mtu au kwenye tovuti za kupakulia usiinstoli.

Na usisahau programu yako ya kutafsiri ina kutafuta kwake. OmegaT, nayo ya bure, ukibonyeza Ctrl na F inatafuta kwenye mradi, kwenye kumbukumbu na kwenye faharasa, pia unaweza kuielekeza folda nyingine kabisa, na rejeksi inakubali. Faida yake unaona Kiingereza na Kiswahili pamoja, yaani ukitafuta "swim bladder" unaona hapo hapo kwamba uliandika bondo. Zile programu nyingine zitakuonyesha upande mmoja, wa pili uutafute kwa macho.

PDF ya kuskani hakuna itakayoisoma, na hii sio kosa la programu, ile ni picha tu. Inabidi upitishe OCR kwanza, yaani programu ya kugeuza picha ya maandishi iwe maandishi yenyewe. Tesseract ina data ya Kiswahili, na ukitaka kitu chenye vibonyezo NAPS2 ya Windows inaitumia hiyo hiyo Tesseract, chagua Kiswahili kwenye lugha. Ukiacha Kiingereza maneno yanatoka yameharibika halafu hutoyapata milele.

La usiri nalisema kwa uzito. Nina fomu za ridhaa za wagonjwa na mikataba ya watu kwenye laptopu hii. Programu yoyote inayotaka kupandisha mafaili kwenye seva yao ili ikutafutie, mimi siigusi, hata kama ni nzuri. Na bando lenyewe na intaneti ya huku inavyokatika haileti maana. Pia kumbuka indeksi ina maneno ya mafaili yako, mteja akikwambia futa kazi yangu, futa faili halafu sasisha indeksi, la sivyo maneno yake bado yamo.

Ukimaliza majaribio andika kwenye karatasi ipi imepata mafaili mangapi kati ya manne, lile la tano la kuskani lihesabu baada ya OCR. Iliyokosa ng'ambo au mialo iondoe kabisa kwenye mashine, usiiache eti itafaa siku nyingine. Iliyobaki iambie folda ya kazi tu, sio diski nzima, halafu iache itengeneze indeksi usiku ukiwa umechomeka chaja, na kama umeme wa mtaani kwako ni wa kukatika katika anza na folda ya mwaka mmoja kwanza.