Namna ya Kudai Malipo Baada ya Kuishinda Serikali ya Kenya kwa Kosa la Mtumishi Wake

Mtu aliyegongwa na gari la polisi, aliyepigwa akiwa seli, au aliyeharibiwa mali na afisa wa serikali nchini Kenya anaweza kushtaki, akashinda, akatajiwa fidia ya mamilioni ya shilingi mbele ya hakimu au jaji, kisha akakaa miaka bila kupokea hata senti moja. Hukumu dhidi ya serikali haitekelezwi kama hukumu dhidi ya jirani au dhidi ya mfanyabiashara. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40 ya Sheria za Kenya, kinazuia dalali wa mahakama kukamata magari, samani au fedha za serikali zilizoko benki, na kinaeleza pia kwamba hakuna mtu atakayewajibika yeye binafsi kulipa kile ambacho serikali imeamriwa kulipa. Njia iliyobaki ni ya makaratasi. Ni njia ndefu, ila inapitika, mradi kila hatua iwe na ushahidi wa maandishi.

Msingi wa malipo huwekwa siku ya kufungua kesi. Ukimshtaki askari au dereva peke yake, hukumu itamfunga yeye tu, na Hazina ya Kitaifa haitakuwa na deni lolote kwako. Kwa hiyo mshtaki Mwanasheria Mkuu, ambaye kifungu cha 12 kinamtaja kuwa ndiye anayesimama kwa niaba ya serikali, na ueleze wazi katika hati ya madai kwamba mtumishi huyo alikuwa akitekeleza kazi yake alipokudhuru, kwa kuwa kifungu cha 4 kinaifanya serikali iwajibike kwa makosa ya watumishi na mawakala wake. Serikali hupenda kujitetea kwamba afisa alivunja amri za wakubwa wake. Utetezi huo peke yake hautoshi: tangu mwaka 1967, katika kesi ya Muwonge iliyotoka Uganda, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishikilia kwamba tendo la mtumishi linaweza kuwa ndani ya kazi yake hata kama alilitenda kinyume cha maagizo. Lakini usichelewe. Sheria ya Ukomo wa Muda kwa Mamlaka za Umma, Sura ya 39, inatoa miezi 12 tu kwa madai ya madhara, na miaka 3 kwa madai ya mkataba. Sharti la kutoa notisi ya siku 30 kabla ya kushtaki lilitangazwa na Mahakama Kuu mwaka 2012 kuwa kinyume cha Katiba, ingawa bado ni busara kumwandikia Mwanasheria Mkuu barua ya madai, kwa sababu baadhi ya kesi humalizika hapo hapo.

Ukishashinda, omba dikrii, yaani hati inayoandika kwa ufupi kile mahakama ilichoamuru, kisha hakikisha gharama za kesi zimekadiriwa na kuthibitishwa. Baada ya hapo ndipo unapoomba hati ambayo wengi hawaijui na ambayo ndiyo kiini cha jambo lote: cheti cha amri dhidi ya serikali. Cheti hicho huombwa baada ya siku 21 tangu amri kutolewa au, ikiwa gharama zinahitaji kukadiriwa, baada ya kukadiriwa, kutegemea lipi limekuja baadaye. Katika Mahakama Kuu, maombi hupelekwa kwa msajili. Katika mahakama za chini, hupelekwa kwa mahakama yenyewe. Utaratibu wake umo katika Agizo la 29 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010. Dikrii peke yake haimlazimishi afisa yeyote wa wizara kulipa. Wajibu wa kulipa huanzia kwenye cheti, na maombi mengi yameanguka mahakamani kwa sababu tu mdai aliruka hatua hii akidhani dikrii inatosha.

Cheti kinapotoka, kisome neno kwa neno kabla ya kuondoka na nakala yako. Tazama kama jina lako limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho na kwenye dikrii, kama namba ya kesi ni ile ile, na kama kiasi kimegawanywa ipasavyo kati ya fidia, gharama na riba. Riba inahitaji uangalifu wa pekee. Kwa mfano, kama mahakama iliamuru shilingi 1,200,000 pamoja na riba tangu siku ya hukumu, cheti kinachotaja shilingi 1,200,000 bila neno riba kitampa afisa sababu ya kulipa kiasi hicho tu na kufunga faili. Tofauti ya herufi moja katika jina nayo inaweza kurudisha faili nyuma kwa miezi. Kosa lolote lirekebishwe hapo hapo mahakamani, kwa maana wizara haina mamlaka ya kulirekebisha.

Hatua inayofuata ni kukikabidhi. Peleka nakala kwa Mwanasheria Mkuu na pia kwa katibu wa wizara inayohusika, kwa kuwa kisheria yeye ndiye afisa anayewajibika kwa fedha za wizara hiyo na ndiye anayepaswa kulipa. Kwa kosa la polisi, huyo alikuwa katibu anayesimamia usalama wa ndani hadi mwaka 2022, Inspekta Jenerali wa Polisi alipofanywa afisa mwenye dhamana ya fedha za polisi. Kwa kosa la daktari wa hospitali ya kaunti, ni afisa mwenye dhamana ya fedha katika serikali ya kaunti. Kila ofisi igonge muhuri wa kupokea, wenye tarehe, juu ya nakala yako, na aliyekabidhi aandike hati ya kiapo ya kukabidhi. Ambatisha barua inayotaja akaunti ya benki ya kupokelea malipo, nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA, yaani namba yako ya mlipakodi. Mara nyingi jibu huwa kwamba bajeti ya mwaka imekwisha. Andika tena kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai, ukitaka deni lako liingizwe katika makadirio. Kumbuka pia kwamba mahakama inaweza kusimamisha malipo yote au sehemu yake ikiwa serikali imekata rufaa, lakini rufaa pekee, bila amri ya kusimamisha, haiondoi wajibu wa kulipa.

Kimya kikiendelea, nenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumshurutisha afisa wa umma atimize wajibu wake, ambayo mawakili huiita mandamasi. Chini ya Agizo la 53 la Kanuni zile zile, unaomba ruhusa kwanza, kisha unawasilisha ombi lenyewe ndani ya siku 21 baada ya ruhusa. Mdaiwa hapa ni katibu wa wizara, naye anatajwa kwa cheo chake. Jaji hatasikiliza tena nani alimgonga nani. Atatazama dikrii, cheti, na ushahidi kwamba cheti kilimfikia katibu, na hapo ndipo ile mihuri inapokuwa na thamani. Majaji wamesema mara kwa mara kwamba ukosefu wa fedha haufuti deni, ingawa wizara ikija na mpango wa kulipa kwa awamu unaoeleweka, nashauri uusikilize.

Katibu akipuuza amri hiyo, anaweza kuitwa kujibu shitaka la kudharau mahakama, na anaweza kutozwa faini au kufungwa. Hiyo si kumdai deni binafsi, bali ni kumwadhibu kwa kukaidi amri. Kwa sababu hiyo mahakama hudai uthibitisho thabiti kwamba yeye mwenyewe aliijua amri. Makatibu wakibadilishwa, mkabidhi upya aliyeingia. Baadhi hulipwa katika hatua hii.

Kifungu cha 21 kinazihusu pia serikali za kaunti, kufuatia marekebisho ya mwaka 2015. Mashirika ya umma yana sheria zao, na baadhi zinazuia ukamataji wa mali wakati nyingine haziuzuii, hivyo soma sheria iliyounda shirika kabla ya kuamua kama utatuma dalali au utaomba cheti.

Usiache hukumu ilale, kwani muda wa kuitekeleza ni miaka 12. Mdai anaweza pia kufariki kabla ya kulipwa. Kenneth Matiba, mwanasiasa wa upinzani, alipewa fidia ya takriban shilingi milioni 504 mwaka 2017 kwa mateso aliyopata akiwa kizuizini, akafariki Aprili 2018, na familia yake ikaendelea kudai. Hali kama hiyo ikitokea, wanaorithi wapate kwanza hati ya usimamizi wa mirathi, waombe mahakama iwaingize katika kesi badala ya marehemu, kisha waombe cheti kwa jina la msimamizi na kukikabidhi upya kwa katibu na kwa Mwanasheria Mkuu.