Breki pedi za mbele: badilisha mwenyewe, ila usizisahau pini

Corolla yangu ya 1997 ilianza kulia kila nikikanyaga breki taratibu. Mlio ule hutoka kwenye kibati kidogo cha pedi, kinachogusa diski pedi ikikaribia kuisha. Ukikipuuza, chuma kitasaga chuma na utanunua diski pia.

Egesha mahali tambarare, vuta handibreki, zuia matairi ya nyuma kwa mawe. Nati za tairi zilegeze kabla ya kupiga jeki, maana tairi likiwa hewani litazunguka tu. Kisha weka stendi. Jeki ni ya kuinulia, haiaminiki kushikilia gari.

Toa tairi, kata usukani ili kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ikuelekee. Kwangu boliti ya chini ni spana namba 14; ikitoka, kalipa inafunuka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira unaopitisha mafuta ya breki. Vumbi usilipulize, pedi za zamani huenda zina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Sasa zitazame pedi kabla hujazitupa. Mpya huwa na milimita 10 hivi. Zikifika 3, zimekwisha. Yangu ya nje ilikuwa bado na 5, ya ndani imebaki bati tupu. Kumbe ugonjwa haukuwa pedi. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zilikuwa zimekauka, moja imeshikwa na kutu, kwa hiyo pedi ya ndani ilikuwa inafanya kazi peke yake. Watu hufunga pedi mpya juu ya pini zilizokwama, halafu wanasema wameuziwa feki. Zichomoe, zisugue mpaka ziteleze kwa kidole, paka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha vile vimpira vya pini. Kimpira kilichochanika kibadilishe.

Fungua kifuniko cha mafuta ya breki, weka pedi kuukuu juu ya pistoni (ile inayosukuma pedi kutoka ndani ya kalipa), irudishe polepole kwa jiklampu, kibanio cha skrubu chenye umbo la G. Mafuta yatapanda, yakifurika yanakula rangi ya gari. Funga pedi mpya, kisha hamia upande wa pili. Nafungua upande mmoja kwa wakati, nikichanganyikiwa nachungulia ule mwingine. Lakini pedi hubadilishwa pande zote mbili, siku hiyohiyo.

Kabla ya kuondoka, pampu pedali mpaka iwe ngumu, kisha angalia kiwango cha mafuta. Mimi mara ya kwanza nilisahau: nilirudi nyuma, nikakanyaga, mguu ukazama hadi sakafuni. Handibreki ndiyo iliyoniokoa na geti.

Mwisho, tafuta barabara tupu, kimbia kilomita 50 kwa saa, punguza hadi 10 bila kusimama kabisa, mara nane hivi, kisha endesha kidogo bila kukanyaga breki, ili zipoe. Ukisikia harufu ya kuungua kidogo, usishtuke, ni pedi zinazoea diski.