Kibali cha pongo unacho, raifo unayo: soma hii kabla hujaingia porini

Msimu ukikaribia simu yangu hailali. Huyu anauliza kaliba gani nzuri, yaani unene wa risasi, yule anauliza pongo, wale swala wa vichakani, wako wengi wapi, Handeni au huku kwetu Pangani, mwingine katuma picha ya darubini anataka nimwambie kama kapigwa bei. Hakuna hata mmoja anayeuliza bunduki utaishikaje ukishapiga. Na mimi nimeingia porini tangu kijana wa kubebeshwa dumu la maji mpaka sasa ndevu nyeupe, ajali nilizoziona kwa macho yangu hakuna iliyotokea mtu akiwa amelenga, zote ni kabla au baada, na hasa baada, pale mnyama kaanguka na watu mnakimbilia kumuwahi na kisu.

Makaratasi tuyapitie haraka. Leseni ya kumiliki silaha ni kitu kimoja, kibali cha kuwinda ni kitu kingine, usije ukachanganya ukadhani ukishakuwa na bunduki halali basi na swala wote ni wako. Kibali kinatoka upande wa wanyamapori, TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na kinakwambia mnyama gani, wangapi na eneo gani. Kimeandikwa pongo mmoja ni pongo mmoja, tohe, swala mwingine huyo, akikatiza mbele yako mpe salamu apite. Kuwinda usiku kwa kumulika, kupiga ukiwa kwenye gari, kupiga jike mwenye mimba au mwenye mtoto, hayo yote sheria ya wanyamapori ya 2009 imeyakataza. Na bila kibali wewe ni jangili tu, hata kama babu yako alikuwa akiwinda kichaka hichohicho na gobore lake.

Sasa bunduki yenyewe. Ukikabidhiwa, hata na mtu aliyeifungua mbele yako sekunde hiyohiyo, ifungue tena wewe. Vuta bolti, kile chuma cha kufungulia nyuma, tazama chemba inapokaa risasi, halafu ingiza kidole uipapase kwa sababu kwenye kichaka giza la asubuhi jicho linadanganya. Usione haya, anayechukia kuona unakagua bunduki yake huyo usiende naye. Mtutu usielekee kwa mtu hata siku moja, iwe ina risasi, iwe haina, iwe imefunguliwa vipandevipande mezani, na kidole kinakaa pembeni ya chuma kimenyooka, hakiingii kwenye triga mpaka darubini imeshakaa juu ya mnyama na umeshaamua. Sefti, ile ya kuzuia triga isifyatuke, nayo ni kipande cha chuma kama vyuma vingine, kinachakaa, kinashika mchanga (na mchanga wa huku pwani unaujua), kwa hiyo itumie lakini usiiamini kama unavyomuamini mama yako.

Kabla ya safari piga shabaha. Karatasi mita 100, risasi tatu tatu mpaka zikae pamoja, maana darubini ikigongwa kidogo tu kwenye gari inahama na wewe hujui, unakuja kumvunja mnyama taya badala ya kumpiga moyoni, anakufa baada ya siku tatu huko kichakani na fisi ndio wanafaidi. Soma pia maandishi ya kwenye mtutu na maandishi ya kwenye kitako cha risasi, yafanane, sio yakaribiane. Ukifyatua ikakataa kulia, usikimbilie kufungua bolti, iache mtutu umeelekea pazuri, hesabu mpaka thelathini taratibu ndio ufungue, kuna risasi zinachelewa kuwaka. Na ukianguka mtutu ukachota tope, toa risasi kwanza, safisha, hakikisha mwanga unapita toka upande huu mpaka ule, kwa sababu mtutu ulioziba unapasuka usoni kwako.

Jambo ambalo watu wa milimani hawalijui ni kwamba huku kwetu ardhi ni bapa. Risasi ya kaliba ya 30-06 usipoizuia inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 4, fikiria hapo ulipo mpaka kijiji cha pili. Kule Lushoto mlima wenyewe unakudakia, huku Pangani, Mkwaja, Muheza chini, Bagamoyo yote, nyuma ya pongo hakuna kitu, ni majani, halafu majani, halafu mtu anachoma mkaa. Ndio maana mimi napenda vichuguu. Pongo akisimama na kichuguu kikubwa nyuma yake, hapo piga. Akiwa juu ya kituta na nyuma yake naona mbingu tupu, sipigi, hata awe na pembe kama za kwenye picha. Mti sio kizuizi, kichaka sio kizuizi, mkonge ndio kabisa, risasi inapita kama sindano kwenye kanga.

Na pori la huku lina watu kuliko unavyodhani. Kina mama wa kuni, wachoma mkaa, vijana wa asali, wafugaji na ng'ombe zao, watoto wanaotega ndege. Unaweza kukaa saa nzima hujasikia sauti ukaamini uko peke yako, kumbe mita 150 kuna mzee kajilaza chini ya mkwaju anasubiri jua lipungue. Kwa hiyo siku moja kabla nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mwambie kesho alfajiri mko upande gani, akina nani wana mashamba huko, halafu mkiwa porini mkisikia shoka tu, au kengele ya ng'ombe, hamisheni uwindaji. Usilenge kitu ili ukitambue. Darubini ya kutazamia ni ile ya shingoni, ya kwenye raifo ukiigeuza kuwa ya kutazamia maana yake umeshamuelekezea mtutu kila ulichokitazama, na siku moja utakachokitazama kitakuwa kofia ya mtu.

Pongo anasaidia kidogo hapo, dume ana pembe na amekolea rangi, jike hana pembe. Hujaziona pembe, hujaona. Kichaka kinatikisika sio pembe. Rangi ya kahawia ikipita sio pembe, inaweza ikawa shati.

Mavazi sasa. Wenzetu Marekani wanaowinda wale kulungu wao wenye pembe za matawi, majimbo mengi yanawalazimisha wavae rangi ya chungwa iliyokoza, na kozi ya usalama unasoma kwanza ndio unapewa leseni, New York walianza hiyo mwaka 1949. Sisi hatulazimishwi lakini si kuna reflekta za bodaboda? Ile ya rangi ya chungwa, nunua moja ya kwako, moja ya mbeba kisu, moja ya kijana wa maji. Watu wananicheka, wananiambia mnyama atakuona, lakini wanyama wa jamii hii hawaioni chungwa kama tunavyoiona sisi, kinachokufichua ni upepo na kutikisika. Magwanda ya madoamadoa kama ya jeshi ndio usivae kabisa, kwanza unapotea machoni mwa wenzako, pili kwa nchi hii unajitafutia kesi nyingine.

Mnazi na mirungi, acha nyumbani. Najua Tanga hii, najua watu wanasema mirungi inakesha jicho. Inakesha jicho lakini mkono unatetemeka.

Haya, umempata, kasimama ubavu, kichuguu nyuma, bunduki umeilaza kwenye fimbo tatu ulizofunga juu kwa mpira wa baiskeli. Unapiga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya mwili, unavuta triga pole kama unakamua chunusi. Waislamu mnasoma Bismillah hapo. Na hapa ndio penye shida yetu, maana kila mtu anataka amkute yuko hai amchinje asije akawa kibudu, basi ikilia tu ni mbio, kisu mkononi, bunduki mkononi, watu wanapishana kwenye miiba.

Siku hiyo mwenye kisu nilikuwa mimi. Shamba la mkonge la zamani lililotelekezwa, mkonge umechanganyika na vichaka, asubuhi kama saa moja na nusu. Mpigaji kapiga, pongo kaanguka, mimi nimeshachomoka na katambuga zangu miguuni, yeye nyuma yangu, na kashavuta bolti kaingiza ya pili eti asije akanyanyuka. Kuingiza ya pili sio kosa, ndivyo inavyotakiwa. Kosa sefti hakurudisha na kidole kilikuwa ndani. Jani kavu la mkonge likamnasa suruali. Nikasikia mlio na mchanga wa moto ukanipiga kwenye mashavu ya miguu, nikageuka nikaona tundu ardhini, hatua moja toka kwenye kisigino changu, bado linatoa moshi. Yeye yuko chini magotini anatazama bunduki kana kwamba ndio anaiona mara ya kwanza. Hatukusemezana mpaka jioni. Na pongo mwenyewe tulipomfikia alikuwa kashakufa kitambo.

Toka hapo nina utaratibu wangu na anayekuja na mimi anaufuata au anabaki kwenye gari. Risasi ikilia, ingiza ya pili, rudisha sefti, kidole nje, halafu wote tunakaa chini. Chini kabisa, matako ardhini. Hakuna kukimbia. Mtu mmoja tu anatazama alipoangukia anatia alama, mti gani, kichuguu kipi. Akiwa kalala na tunamuona, tunakwenda kwa kutembea, mwenye bunduki mbele peke yake, wote nyuma yake, hakuna wa pembeni. Tunamfikia kwa upande wa mgongo, unamgusa jicho kwa fimbo ndefu. Likipepesa bado yuko hai na hapo kuwa makini sana, pongo aliyejeruhiwa ana pembe fupi lakini anazijua, ameshatoboa mbwa wengi na watu pia. Mwenye bunduki akishaamua hapigi tena, anatoa risasi kwenye chemba, anaacha bolti wazi, anasema kwa sauti "tupu", na ndio kisu kinatoka kwenye ala. Kabla ya neno hilo kisu hakitoki. Suala la mnyama aliyekufa kwa risasi uliyoisomea Bismillah muulize sheikh wako nyumbani kabla ya safari, masheikh wengi wanaliona halali, sasa ukilijua hilo mapema hata mbio zenyewe zinapungua.

Kama kakimbia, tazama damu. Nyekundu yenye povu ni mapafu, hayuko mbali, subiri nusu saa. Nyeusi nzito ni ini, subiri zaidi. Ikiwa na majani ya kijani ndani yake umempiga tumbo, hapo kaa masaa kadhaa unywe chai, ukimfuata sasa hivi atasukumwa mbele na hutampata. Kumfuata ni deni lako, huwezi kusema amepotea ukapiga mwingine. Ila akivuka kuingia hifadhi, na huku Saadani iko karibu sana, simama hapohapo na bunduki yako, wapigie askari wa wanyamapori uwaeleze. Usivuke hata hatua kumi, ndani ya hifadhi na raifo hakuna atakayesikiliza hadithi ya damu.

Kurudi. Risasi zote nje kabla hujafika kwenye gari, sio ndani ya gari, na kama ni bodaboda ndio zaidi, bunduki kwenye mkoba wake, mtutu haumwelekei dereva. Kuruka mtaro au kupita uzio, fungua, mpe mwenzako, ruka, pokea, kagua tena. Nyumbani inafungiwa kwenye sefu, risasi sehemu nyingine na funguo nyingine, na funguo usiweke juu ya kabati la vyombo, watoto wote wa nchi hii wanajua funguo zinawekwa juu ya kabati la vyombo.

Kisha hesabu. Mimi nikitoka na risasi kumi nikapiga mbili, narudi na nane na maganda mawili, nazipanga kwenye sinia la kahawa kabla hata sijavua viatu. Siku moja zilikuwa saba. Nilirudi kwenye gari na tochi, nikakuta ya nane chini ya siti ya nyuma, pale ambapo asubuhi yake mjukuu wangu angekaa kwenda shule.