Kabla ya kufunga ofisi kwa Idi, zitazame logi za seva

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha iko karibu na bandari ya Kilindini. Mwaka mmoja tulirudi kutoka Idi tukakuta diski ya seva imejaa pomoni, hifadhidata haiandiki kitu, na wateja wamesimama mlangoni wakiulizia kontena zao. Kijana mmoja alikuwa tayari ameshika kibodi afute chochote chenye neno "log", yaani logi, kumbukumbu za yanayotokea kwenye seva.

Ndiyo maana jambo la kwanza ni kujua ipi ni ipi. Katika PostgreSQL, programu ya hifadhidata, folda ya log ni ya kusomwa na binadamu: makosa, nani aliingia, ombi lipi lilichelewa. Faili zake zikizeeka, futa. Lakini pg_wal, folda ambamo kila badiliko huandikwa kwanza, ni uhai wa hifadhidata, kwani humo ndimo inamojiinua umeme ukikatika ghafla. Zamani iliitwa pg_xlog, na watu wakaifuta wakiidhania takataka, hata toleo la 10 la mwaka 2017 likaibadilisha jina. Usiiguse kwa mkono. Ikivimba, tafuta kinachoizuia: pengine seva ya akiba imekatika na replication slot yake (alama inayozuia faili zisifutwe kabla hajazipokea) bado imeshikiliwa, au archive_command, amri ya kunakili faili hizo kwenye hifadhi, inafeli kimyakimya.

Kisha mipangilio. Ukiwasha logging_collector, kinachokusanya logi kwenye faili, faili mpya huanzishwa kila baada ya saa 24 au ikifika megabaiti 10, ila za zamani hazifutwi zenyewe. Sisi tunaipa faili jina la siku ya wiki, postgresql-%a.log, tunawasha log_truncate_on_rotation na kuweka log_rotation_size kuwa 0, ili ukubwa usianzishe faili mpya. Jumatatu mpya inafuta Jumatatu iliyopita, basi. Kwa MySQL 8.0, hifadhidata nyingine, binlogi (logi za mabadiliko ya data) hukaa siku 30 usipobadilisha. Kwenye diski ndogo ni nyingi mno.

Mkitumia logrotate, chombo cha Linux cha kuzungusha na kufuta logi za zamani, ijaribuni kwanza kwa -d, haitagusa kitu. Na ukifuta faili kubwa halafu df -h, amri inayoonyesha nafasi ya diski, isionyeshe nafuu, jua programu bado imeifungua. Amri ya lsof +L1 itakuonyesha ni ipi.

Logi zetu hubeba namba za simu na za vitambulisho vya wateja, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inazihusu pia. Zisisomwe na kila mtu ofisini.

Siku moja kabla ya kufunga, piga df -h, uandike asilimia daftarini, rudia jioni. Ikiwa imepanda pointi tano kwa siku moja na likizo ni ya siku nne, usiondoke kabla hujajua kinachoijaza.