Kuhamia kando ya ziwa Kisumu: tafuta alama ya maji kabla ya mandhari

Ushauri mwingi wa kuishi kando ya maji nchini Kenya umetoka Mombasa, na ukiuleta Kisumu vivyo hivyo utakupotosha. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi. Mabati hayaliwi upesi na kutu, na pesa za rangi maalumu ya kuzuia chumvi heri uzitie kwenye msingi. Tatizo la Kisumu ni jingine. Bahari hupwa na kujaa kila siku, hivyo Pwani hata mtoto anajua maji hufika wapi. Ziwa halionyeshi mpaka wake kwa siku moja. Hupanda kwa miezi, na likiingia sebuleni laweza kukaa humo hadi mwaka wa pili.

Maji mengi ya ziwa hili, zaidi ya asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu: mto Nile kule Jinja. Mvua za kuanzia 1961 zilipandisha ziwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na halikushuka kwa haraka. Mwaka 2020 lilirudi kwenye kiwango kile, na 2024 likakipita. Dunga, mtaa wa wavuvi ufuoni mwa Kisumu, ulifurika mara zote mbili. Kwa hiyo nyumba ya ukingoni usiiangalie Februari, wakati kila kiwanja kinaonekana kikavu. Iangalie mwishoni mwa Aprili au Mei, mvua za masika zikiwa zimekolea.

Kupima

Nenda asubuhi, kabla ya saa nne. Mchana upepo wa ziwani hugeuka kuelekea nchi kavu, mawimbi yanaanza, na hutapata usawa wa maji wa kuaminika.

Kwanza tafuta alama ya juu kabisa. Angalia mstari wa rangi ya matope kwenye kuta za zamani, rangi iliyobambuka kwa usawa ule ule nyumba hadi nyumba, na miti iliyokauka ikiwa imesimama majini. Kisha uliza watu watatu wasiokaa pamoja: mama anayekaanga samaki, mvuvi, na jirani aliyekuwepo 2020. Usimwulize dalali. Uliza swali lenye jibu la kuoneshwa kwa kidole: "Maji yalifika wapi kwenye mlango huu?"

Sasa chukua mpira mwangavu wa levo, ule wanaotumia mafundi wa ujenzi, wa mita 15 hadi 20. Ujaze kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, polepole, hadi mapovu yote yatoke. Povu moja likibaki katikati, kipimo kitakudanganya kwa sentimita kadhaa. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye alama ya maji, mwingine ncha ya pili kwenye ukuta wa nyumba unayoitaka. Maji yakitulia, ncha zote mbili ziko usawa mmoja. Umbali ukizidi mpira, pigilia kigingi katikati uendelee kwa hatua.

Sakafu iwe angalau mita 1 juu ya alama ya 2024. Nusu mita ni ya mawimbi ya upepo, nusu nyingine ni ya mwaka ambao haujafika. Ikiwa sakafu iko chini ya alama, usishawishike na ukuta wa mawe uliojengwa mbele. Ukuta huzuia wimbi, lakini maji yanayopanda chini ya ardhi hutokea ndani ya nyumba.

Wengi hukosea hapa: umbali kutoka ziwani si kinga. Mto kama Auji, unaopita Nyalenda, huteremsha maji ya mvua kuelekea ziwani. Ziwa likiwa juu, maji ya mto hukosa pa kwenda na kurudi nyuma mitaani. Nyumba iliyo mbali na ufuo ndani ya bonde hilo inaweza kujaa maji huku jirani aliyejenga juu ya mwamba, hatua chache tu kutoka majini, amekaa barazani anakunywa chai. Pima mwinamo, usipime umbali.

Kama unanunua, fanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, kisha uombe mamlaka ya rasilimali za maji, WRA, ipige vigingi vya ardhi ya ukingo kabla hujalipa chochote. Mbuyu, mnara wa simu au ukuta wa jirani si mpaka. Muuzaji akikuambia hati iko kwa wakili na atakuletea baadaye, subiri hiyo baadaye ifike.

Udongo mweusi na choo

Tambarare za Kisumu zina udongo mweusi wa mfinyanzi, blakikotoni. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuondoa huonyesha nyufa za mshazari kutoka pembe za madirisha na milango. Ufa ukiwa mpana upande wa juu kuliko wa chini, ujue pembe ya nyumba inazama. Plasta mpya kwenye pembe hizo tu, ilhali ukuta mwingine ni wa zamani, ni jibu tosha.

Unapojenga, chimba udongo mweusi wote hadi ukute tabaka gumu, kisha jaza maramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ilowe kidogo na kushindiliwa kabla ya inayofuata. Fundi atakayemwaga lori zima mara moja na kushindilia juu anakushindilia hasara. Zungusha ukanda wa zege wa mita 1 kuzunguka nyumba, uinamie nje, ili maji ya paa yasishuke kwenye msingi.

Choo ndicho humaliza ndoto za ukingoni. Sakafu ya shimo inatakiwa iwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na shimo liwe mita 30 kutoka kisima chochote. Pima kwa kutumbukiza kamba yenye jiwe kwenye kisima cha jirani mwezi wa Mei. Ukikuta maji kwenye mita 1.2, sahau shimo la kuchimba, na tangi la majitaka lenye shimo la kupitishia maji ardhini nalo halitafanya kazi, kwa sababu ardhi imekwisha shiba. Kinachobaki ni tangi lililofungwa kabisa, au choo kilichoinuliwa juu ya ardhi. Tangi la plastiki lifungwe chini kwa mikanda kwenye bamba la zege. Lisipofungwa, siku litakaponyonywa likabaki tupu wakati wa mvua, maji ya ardhini yatalisukuma juu kama mtumbwi na mabomba yatakatika. Na hakikisha gari la kunyonya linafika: pima njia, na umwulize dereva mpira wake una mita ngapi.

Maji ya kutumia

Maji ya mfereji ya KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, ndiyo ya kunywa na kupikia. Kisima kifupi kwenye mtaa wenye vyoo vya shimo ni cha kufua na kusafisha sakafu tu, hata kama maji yake yanang'aa. Mvua ni rafiki: milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba kwenye mvua ya milimita 20 hutoa lita 1,200. Toa sehemu ya tano inayomwagika, unabaki na lita 960. Acha dakika chache za mwanzo zimwagike, ndizo zinazoosha vumbi, mavi ya ndege na wadudu wa ziwani.

Ukilazimika kutumia maji ya ziwa, yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, funika, subiri dakika 30. Ila kama yana utando wa kijani, yaache kabisa. Kwenye ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo mbele ya Kisumu, utando huo ni mwani unaoweza kuwa na sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Halafu kuna kichocho. Hakiingii kwa kunywa tu, hupenya ngozi. Konokono wadogo wa kwenye mafunjo na magugumaji hutoa vijidudu vinavyokufa visipompata mtu ndani ya siku mbili. Basi maji ya kuogea yakichotwa ziwani yakae saa 48 kwenye pipa lenye kifuniko, lisilo na konokono, au yachemshwe. Aliyekwisha kuingia majini apimwe baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, hivyo kuimeza siku ya pili ni kuipoteza.

Usiku

Malaria ya ukanda wa ziwa si hadithi, na mtu mzima anayetoka Nairobi hana kinga ya mwenyeji. Neti yenye dawa, iliyochomekwa chini ya godoro, kila usiku, pia miezi ya kiangazi. Kisha ziba mwanya kati ya ukuta na bati, maana mbu wa malaria hupitia huko zaidi kuliko mlangoni. Dari au waya wenye matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5 hutosha. Homa ikianza, pima siku hiyo hiyo. Ukipewa AL, vidonge vya kutibu malaria, ni dozi sita kwa siku tatu, ya pili baada ya muda wa saa 8 kutoka ile ya kwanza, na imezwe pamoja na chakula chenye mafuta. Kupata nafuu siku ya pili si ruhusa ya kuacha. Mjamzito akaanze kliniki mapema, kaunti za ziwa hutoa dawa ya kinga.

Wadudu wa ziwani hawaumi. Huonekana mbali kama moshi unaosimama juu ya maji, kisha huja na upepo na kujaa kwenye kila taa. Wavu wa mbu hauwazuii wote, ni wadogo mno. Zima taa za nje, washa moja tu mbali na nyumba, mwishoni mwa ua, nao watahamia huko. Asubuhi wafagie wakiwa wakavu. Ukimwaga maji kwanza utapata uji unaonuka kama samaki aliyelala.

Viboko hutoka majini giza likiingia kula nyasi na hurudi kabla ya mapambazuko. Ukiona njia pana iliyokanyagwa yenye mfereji katikati, hiyo ni barabara yao, usipande sukuma wiki juu yake. Kuanzia saa kumi na mbili jioni usikae kati ya kiboko na maji. Hilo ndilo linaloua: mnyama anaona umemfungia mlango wa nyumbani.

Mvua ya alasiri huja na radi nyingi. Wingu likijenga upande wa milima ya Nandi, chomoa friji na televisheni kutoka kwenye soketi, kuzima swichi hakutoshi. Safari za mtumbwi ziwe za asubuhi, na jaketi la kuokolea liwe limefungwa mwilini, si kukaliwa kama mto.

Kuhusu samaki, nunua asubuhi ufuoni: matamvua mekundu, macho yaliyojaa, nyama inayorudi ukibonyeza. Omena, yaani dagaa wa ziwani, chagua iliyokaushwa juu ya nyavu. Ile ya mchangani utaitambua ukiitafuna. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya, kwa hiyo weka gunia lako Machi, kavu kabisa, juu ya mbao na mbali na ukuta.