Kuuguza bega nyumbani baada ya kushonwa kano

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeshonwa kano za bega, zile zinazounyanyua na kuuzungusha mkono. Daktari huirudisha kano iliyochanika kwenye mfupa kwa nyuzi na vishikizo vidogo, kisha mwili huchukua takriban wiki 12 kuishikanisha kwa kiasi cha kutegemewa. Maumivu hutulia mapema zaidi kuliko hapo, na ndiyo sababu wengi huharibu kabla muda huo haujaisha: bega haliumi, mtungi wa maji uko mlangoni, mkono unaenda wenyewe. Mpaka uambiwe vingine na aliyekupasua, mkono huo unabebwa, haujibebi.

Kama ulivunjika ukawekewa vyuma, au bega lilikuwa likiteguka, tarehe zako ni tofauti. Fuata karatasi uliyopewa wodini.

Hatua ya 1: Panga nyumba kabla hujalazwa

Shusha sufuria, majani chai, mswaki na taulo viwe usawa wa kiuno. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo tafuta mtu wa kuchota, na maji yagawanywe kwenye chupa ndogo. Tenga mashati ya vifungo yaliyo makubwa kidogo, au dera pana. Nakuru na Molo jioni kuna baridi, na sweta ya kupitisha kichwani haitavalika. Tafuta ya kufungua mbele. Kwa choo cha shimo, fundi akuwekee kishikio ukutani upande wa mkono mzima, maana anayechuchumaa huinuka kwa kusukuma na mkono wowote ulio karibu.

Hatua ya 2: Siku mbili za kwanza

Ganzi ya bega kwa kawaida hukaa saa 12 hadi 24. Wakati huo mkono hausikii moto, basi usiusogeze karibu na jiko wala chai. Anza dawa kabla ganzi haijaisha, na umeze kabla ya kulala. Anayengoja maumivu yafike kwanza huyakimbiza usiku kucha.

Parasetamoli kwa mtu mzima ni tembe 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa siku nzima. Mwenye ugonjwa wa ini au uzito chini ya kilo 50 aulize kwanza. Kumbuka dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Usijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni dukani: zinaweza kuumiza tumbo na figo, na baadhi ya madaktari huzikwepa kano inapoanza kushika. Ukipewa kodeini au tramadoli, dawa kali za maumivu, tumbo litafunga. Kunywa maji ya kutosha, kula papai na sukuma wiki tangu siku ya kwanza.

Barafu: dakika 15 hadi 20, ikiwa imefungwa kwa kitambaa, kisha pumzisha angalau saa moja. Bandeji isilowe. Ganzi ikiwa bado ipo, funua uangalie ngozi kila baada ya dakika chache. Asiye na friji mjini Kisumu atapata barafu kwa wauza samaki. Iwekwe kwenye mfuko safi usiovuja.

Hatua ya 3: Kulala

Lala nusu umeketi, kwenye kochi au kitandani na mito mgongoni. Weka mto mdogo chini ya kiwiko. Kipimo ni hiki: ukitazama chini, uone kiwiko chako. Kikiwa kimezama nyuma ya mwili, mshono unavutwa, na utaamka na maumivu mbele ya bega. Neti achomekee mtu mwingine.

Hatua ya 4: Slingi

Slingi ni mfuko wa kitambaa wenye ukanda wa shingoni, unaoubeba mkono. Kiwiko kifike mwisho kabisa wa mfuko, kiganja kiwe juu kidogo kuliko kiwiko. Kiganja kikining'inia, vidole huvimba. Ukanda ukikata shingo, tia leso iliyokunjwa chini yake, usiulegeze. Wengi huivaa wiki 4 hadi 6, usiku na mchana, wakiivua kwa kuoga, kuvaa na mazoezi tu. Leso iliyofungwa pembetatu inaweza kushika zamu wakati slingi iliyofuliwa inakauka, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya slingi yenye mto wa kiunoni.

Hatua ya 5: Kuoga na kuvaa

Kidonda kibaki kikavu hadi nyuzi zitolewe, mara nyingi siku ya 10 hadi 14. Kwapa ndilo husahaulika, na kwa joto la Kisumu ngozi huchubuka haraka. Shika meza kwa mkono mzima, inama, acha mkono mgonjwa uning'inie wenyewe. Futa kwa kitambaa chenye maji, kisha kausha kabisa. Nguo huingia mkono mgonjwa kwanza, na hutoka huo mwisho.

Hatua ya 6: Mazoezi

Tangu siku ya kwanza kunja na kunjua vidole, zungusha kiganja, kamua soksi iliyoviringwa, mara 10 kila saa ukiwa macho. Nyoosha na kunja kiwiko mara 10, mara 3 au 4 kwa siku, isipokuwa kama kano ya msuli wa mbele wa mkono pia ilishughulikiwa. Hapo mkono mzima ndio ukukunjie.

Zoezi la kubembeza mkono ukiwa umeinama lisianze bila ruhusa. Kinachoyumba ni kiuno, mkono unafuata. Ukichora duara kwa nguvu ya bega, unaivuta kano ileile.

Hatua ya 7: Wageni, kazi, safari

Wanaokuja kukuona watataka kukushika mkono na kuutikisa. Toa mkono mzima mapema, au umwambie wa nyumbani awaeleze mlangoni. Kusonga ugali, kukamua nguo na kubeba mtoto kungoje ruhusa. Jembe huchukua miezi kadhaa. Kwenye matatu kaa dirishani, bega likiwa upande wa dirisha na nguo laini katikati, ili abiria wasikugonge. Bodaboda hapana: breki moja tu, na mkono utakimbilia kushika.

Hatua ya 8: Wakati wa kurudi hospitali

Siku hiyohiyo: joto la mwili nyuzi 38 au zaidi, usaha, wekundu unaoenea, vidole baridi au vyenye rangi ya buluu, ganzi isiyoisha baada ya siku mbili, au mlio ndani ya bega ukifuatwa na mkono kukosa nguvu. Kifua kuuma au pumzi kukatika ni dharura, hata usiku wa manane. Mguu mmoja kuvimba na kuuma usingoje kliniki.

Uliyepasuliwa Eldoret na unaishi Busia au Siaya, omba barua ya rufaa na nakala ya maelezo ya upasuaji kabla hujatoka, ili fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, ifanyike karibu na kwako. Bila maelezo hayo, atakayekuhudumia hajui kano ipi ilishonwa wala mkono uruhusiwe kufika wapi.